Congo si iko Jumuiya? Naombeni ushauri, nipeleke mzigo Kalemie au niache

MwishoWaReli: Wakuu habari. Tangu Rais wao Tshisekedi asaini kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, Aprili 2022, nasikia soko la Congo liko wazi. Nikivusha vitenge kwenda Kalemie, sitatozwa ushuru? Au tumewapokea haraka, mimi ndiye nitakayeumia? Usingizi sipati.

Babu Karakana: Ya kwanza ilikuwa ya nchi tatu tu na ikavunjika 1977. Baba alikuwa fundi wa reli Nairobi, alirudi na sanduku la spana na redio mbovu. Leo tuko nane, Somalia imo tangu 2024. Haya.

ChumviNyingi: Sudan Kusini waliingia 2016, michango yao ni ya kukumbushana. Nyumba ya kupanga hii: mmoja halipi umeme, nyie mnaongeza wapangaji 😂

Wakala Mstaafu: Dada, vitenge vya wapi?

MwishoWaReli: Vya Kariakoo.

Wakala Mstaafu: Kariakoo si kiwanda.

MwishoWaReli: Basi vya China. Na viko Kigoma tayari, marobota 12. Msinishambulie, bei ilikuwa nzuri.

Wakala Mstaafu: Nafuu ya ushuru ni ya bidhaa za ndani ya Jumuiya, zenye cheti cha uasilia, yaani karatasi ya kuonyesha zimetengenezwa wapi. Na Congo kusaini ni kimoja, kuutekeleza Umoja wa Forodha ni kingine, bado hawajakamilisha. Andaa hela ya ushuru. Mtaji wa nani?

MwishoWaReli: Wa kikoba. Tunavunja mwezi ujao. Wenzangu wataelewa lakini, mimi ndiye mhazini.

Mama Pacha: Wataelewa!! Wa kwetu alihamia Mpanda usiku na sanduku lenye kufuli tatu.

Mchambuzi Huru: Mnaacha la msingi. Congo inaituhumu Rwanda kuwabeba waasi wa M23, kisha wanakaa meza moja Arusha. Mkataba unataka utawala bora kwa anayeingia. Nani alikagua?

ChumviNyingi: Mkuu, mwenzako ana marobota.

Kijiko: Chai hii. Mwezi jana akaunti hiihii ilikuwa ya bodaboda wa Kahama aliyekimbiwa na mke.

MwishoWaReli: Hiyo ni ya kaka yangu, simu tunachangia.

Mama Pacha: Hata mimi nilishangaa. Pole kwa kaka lakini, mke alirudi?

Kijiko: Kama kweli unauza, kitenge pisi moja yadi ngapi?

MwishoWaReli: Sita. Na marobota mawili yamelowa, ghala linavuja upande wa ziwani.