Tupeane uzoefu: uliyefeli mtihani wa CCDS (cheti cha wakaguzi wa kumbukumbu za wagonjwa) mara ya kwanza, ya pili ulijiandaaje?

Zamu ya Usiku
Wadau, habari zenu. Nimefanya uuguzi wa ICU miaka 11, halafu nikahamia kukagua mafaili ya wagonjwa hapa Marekani. Mwezi uliopita nimefeli CCDS na kazini sijamwambia mtu. Leo nimefungua faili, daktari kaandika "urosepsisi" (maambukizi yaliyoanzia njia ya mkojo), moyo ukanilipuka. Swali kama hilo lilikuwepo kwenye mtihani. Wodini nikisikia urosepsisi najua mgonjwa ana sepsisi, yaani maambukizi yameuzidi mwili, natundika dripu, maisha yanaendelea. Nikajibu kwa akili ile ile. Kumbe neno lile halina msimbo wake kwenye ICD-10-CM, orodha ya Marekani ya misimbo ya magonjwa. Lazima umuulize daktari alimaanisha nini. Mengi niliyokosa ni ya aina hiyo. Mliorudia mlifanyaje?

Mama Watatu
Pole dada. Hata mimi iliniangusha urosepsisi.

Kreatinini
Mimi niliangushwa na namna ya kumuuliza daktari. Nilichagua "Je, mgonjwa ana sepsisi?" Hapo tayari umemlisha jibu. Weka viashiria: homa, lakteti, shinikizo la damu. Kisha chaguo zenye mantiki ya kitabibu, pamoja na "nyingine" na "haiwezekani kuamua". Habari ya malipo ya hospitali usiiguse kabisa.

Faili Nene
Soma Sepsis-3, vigezo vya sepsisi vya 2016: SOFA (alama za viungo kushindwa kazi) kupanda alama 2 au zaidi. SIRS, vigezo vya zamani, achana navyo.

Kreatinini
Mkuu usimpotoshe. Msimbo unafuata alichoandika daktari, si kigezo unachokipenda wewe.

Faili Nene
Na bima wakikataa kulipa kwa sababu vigezo havikutimia? Nimeshika rufaa hizo kwa mikono yangu, najua ninachosema.

Kreatinini
Huko ni kuhakiki kama ugonjwa kweli upo. Kazi mbili tofauti, na yeye kafeli kwa kuzichanganya.

Wiki ya 36
Ngoja niwasimulie. Nilifanya mtihani nikiwa na mimba ya wiki 36. Katikati ya mtihani tumbo likakaza. Nikasema ni uchungu wa uongo. Likakaza tena, nikaangalia saa ya kwenye skrini: dakika 8. Tena, dakika 7. Nilikuwa kwenye mgonjwa aliyeingia na nimonia pamoja na kushindwa kupumua, upi uwe ugonjwa mkuu, yaani utangulie kwenye misimbo, na mimi mwenyewe pumzi sina. Nikakataa kunyanyuka, ada ilikuwa imetoka mfukoni mwangu. Maswali ya mwisho nilibonyeza bila kusoma. Matokeo: nimefeli. Nikalia pale pale, msimamizi akadhani nalilia mtihani. Usiku ule nikajifungua.

Mama Watatu
Yesu wangu! Mtoto mzima?

Wiki ya 36
Mzima. Wa kike, ana miaka 3.

Faili Nene
Dada, hata kama ni ada, ungenyanyuka.

Mama Watatu
Wewe hujawahi kubeba mimba, muache.

Zamu ya Usiku
Hongera sana dada, umenitoa machozi. Ya pili ulisomaje?

Wiki ya 36
Usiku nikinyonyesha. Mwongozo rasmi wa ICD-10-CM, Sehemu ya II, kuchagua ugonjwa mkuu. Kila siku ukurasa mmoja, kisha nachukua faili nililokwisha kulifunga na kujiuliza: hiki nimekisoma au nakijua tu? Yule wa nimonia alikuja kunielea huko: kama yote mawili alikuja nayo na yote yametibiwa kwa uzito sawa, lolote linaweza kutangulia.

Mama Watatu
Chukua likizo wiki 2, usome tu.

Kreatinini
Likizo ndiyo iliyonimaliza. Soma ukiwa kazini, mafaili yanakufundisha.

Faili Nene
Haya, jaribu hili. Kreatinini (kipimo cha damu cha figo) 0.9 Jumatatu asubuhi, 1.3 Jumanne jioni. Mkojo unatoka vizuri.

Zamu ya Usiku
Imepanda 0.4 ndani ya saa 48. Kwa KDIGO, mwongozo wa kimataifa wa figo, ni figo kuumia ghafla.

Faili Nene
Daktari kaandika?

Zamu ya Usiku
Hukusema... Basi kwanza namuuliza.