Tupeane uzoefu: mnaouza mitumba mtandaoni na familia, wapi mliungua?

MwenyeUzi

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Uzi huu ni wetu sisi tunaouza nguo na vitu vya mtumba mtandaoni tukiwa na wake, waume, wadogo zetu, mama zetu. Zile habari za "nilianza na mfuko mmoja, leo nina stoo tatu" tuziweke pembeni, zimejaa kila kona. Leteni zile za saa nne usiku, mteja anauliza koti lake limefikia wapi, nanyi mko wanne ndani ya nyumba na hakuna anayejua koti lenyewe liko chumba gani.

Naanza mwenyewe. Kwetu mke wangu anachagua na kufua, mdogo wangu anapiga picha na kuweka matangazo, mimi najibu wateja, nafunga na kutuma. Mama hakupewa kazi. Stoo yetu ilikuwa kichwa cha mke wangu. Unamwuliza, "Lile sweta la kijani lenye vifungo vya mbao?" Anakujibu bila hata kugeuka, "Mfuko wa bluu, chini ya kitanda cha watoto, upande wa ukutani." Unainama, unalikuta. Tukawa tunajisifu kwamba sisi daftari la nini.

Akalazwa siku sita. Ndani ya siku hizo zikaingia oda 11. Na mama, kwa upendo wake wote, alipoona mifuko imezagaa nyumba nzima akaamua kutusaidia: akatoa kila kitu, akakunja vizuri, akapanga kwa rangi. Nimetoka hospitali nakuta sebule imekuwa upinde wa mvua. Nguo sita tulizipata. Tatu tulirudisha pesa na kuomba radhi. Mbili tulituma tukiamini ndizo, kumbe siyo. Mama mmoja aliyeagizia mumewe jinzi alifungua mzigo akakuta jinzi ya mke wangu, ile anayoivaa mwenyewe, na orodha ya vitu vya kununua sokoni bado iko mfukoni.

Siku hizi kila kipande kinapata namba kikiingia tu mlangoni. Kikishafuliwa na kupigwa picha kinaingia kwenye mfuko wake, namba juu, mfuko unaingia kwenye boksi lenye herufi. Chini kabisa ya tangazo tunaandika D417, basi. Mteja haimhusu, ila mimi naenda boksi D moja kwa moja. Na mama sasa ana cheo, ndiye mtunza maboksi. Hakitoki kitu kabla hajakifuta kwenye daftari.

Haya, nani anafuata?

WifiMpole

Hiyo ya upinde wa mvua nimecheka mpaka nimeamsha mtoto. Poleni, na shikamoo yake mama.

Sisi tuko mimi na wifi yangu, na kilichotuchoma ni vipimo. Mwanzoni tulinakili kilichoandikwa kwenye lebo: M, L, 12, 14. Nguo zikawa zinarudi kama zina miguu. Nguo za mtumba zimetoka viwanda tofauti na miaka tofauti. Gauni la zamani lililoandikwa 14 linaweza kukubana wewe unayevaa 10 ya leo, kwa sababu watengenezaji wengi wamekuwa wakipanua nguo na kuibandika namba ndogo. Ongeza iliyofuliwa kwa maji ya moto ikanywea, na iliyovaliwa mpaka ikalegea.

Tukaanza kupima, napo tukaharibu. Wifi alikuwa anapima nguo ikiwa kwenye hanga, mimi nalaza mezani, tunatofautiana sentimeta tatu mpaka nne kwenye nguo ileile. Halafu niliandika "kifua 52" kwenye gauni la mtu mzima, mteja akauliza kama ni la mwanasesere. Alidhani ndio mzunguko.

Tulikaa chini tukakubaliana mtindo mmoja. Unafunga vifungo na zipu, unalaza nguo, unainyoosha kwa kiganja bila kuivuta. Kifua ni kwapa hadi kwapa. Mkono unaanzia kwenye mshono wa bega. Urefu ni kuanzia chini ya kola mpaka pindo. Kwenye suruali usisahau paja, watu wengi wanaandika kiuno na urefu tu, na suruali nyingi hukwama pajani. Tunaandika "52 ikiwa imelazwa, mzunguko 104", na picha moja inaonyesha tepu ikiwa juu ya nguo. Mteja akiwa na wasiwasi tunamwambia achukue nguo yake anayoipenda, ailaze, aipime vilevile, alinganishe. Hilo limetuokolea maneno mengi.

MdogoMtu

Mimi ndiye mdogo mtu kwenye biashara ya kaka, kazi yangu picha. La kwangu fupi: taa ya njano ndani ya nyumba inadanganya. Blauzi nyeupe inatoka kama maziwa ya mgando, bluu ya giza inatoka nyeusi, mteja anapokea anasema umemtumia nyingine. Piga mchana karibu na dirisha, jua lisipige moja kwa moja, na uizime taa ya chumbani kabisa, maana mwanga wa aina mbili ukichanganyika ndio balaa kubwa zaidi. Na ufute kioo cha kamera ya simu. Nilipiga picha miezi kadhaa zina ukungu nikijua simu imezeeka, kumbe ni mafuta ya vidole.

BabaWatatu

Wakuu, ninyi mmepotelewa na nguo tu. Mimi niliwakaribisha wageni.

Mke wangu alipata koti la sufu, zito, bitana yake haijachanika, kitu cha kuuza kwa heshima. Lilikuwa safi kwa macho kwa hiyo hatukulifua, tukalitia kwenye boksi la masweta likisubiri msimu wa baridi. Miezi mitatu baadaye nafungua boksi, kanondo kadogo ka rangi ya majani makavu kakaruka. Nikakapiga kofi, nikaona nimemaliza kazi. Kumbe kale kadudu kanakoruka hakali nguo kabisa. Wanaokula ni viwavi vyake, na vyenyewe vilikuwa chini huko vinaendelea na karamu. Nilipoinua sweta la kwanza nikaliona dirisha kupitia kwapani. Vitundu vidogovidogo, vingi mahali pale penye jasho: kola, kwapa, pindo la mkono. Katikati ya boksi kulikuwa na mashati ya pamba hayajaguswa, kwa sababu hao wanatafuta sufu, hariri, manyoya, vitu vya mnyama.

Masweta 14 yalikwenda. Mke wangu hakuniambia neno, na hiyo ndiyo iliyoniuma, maana yeye alitaka lifuliwe na mimi ndiye niliyesema sabuni ina gharama.

Utaratibu wetu wa sasa: chochote cha sufu kinachoingia ndani kinafungwa kwenye mfuko wa plastiki, hewa inatolewa, kinaingia friza nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kikitoka usikifungue papo hapo, kiache mpaka kipoteze baridi yake ndani ya mfuko, ukikiwahi kinashika unyevu. Ndipo kinasafishwa kwa jinsi lebo inavyotaka. Watoto wangu wamezoea, ukituma mtu nyama anauliza iko chini ya koti gani.

Duka la Shangazi

Hapa kwetu tatizo lilikuwa kusema kasoro. Binamu yangu akiona doa anageuza nguo apige upande wa pili. Anasema, "Ukitangaza ubaya nani atanunua?" Shangazi mwenye duka akawa ananyamaza kwa sababu mauzo yanapanda. Kisha mizigo ikaanza kurudi, na nauli ya kurudisha tunalipa sisi. Nguo moja ikirudi inameza faida ya zile tatu zilizokwenda salama.

Nilimweleza binamu habari ya eBay. Mwaka 1995 Pierre Omidyar alipoanzisha ule mnada wake wa mtandaoni, kitu cha kwanza kuuzika kilikuwa kifaa cha leza cha kuonyeshea, kibovu. Akamwandikia mnunuzi kuhakikisha kama amesoma kwamba ni kibovu, akajibiwa kwamba yeye hukusanya vibovu. Binamu akasema huyo alikuwa na pesa za kuchezea. Sawa, lakini wiki hiyohiyo tuliweka shati la jinzi lililochanika kiwiko, kasoro ikiwa picha ya kwanza kabisa, likaondoka kabla ya yale mazima. Mnunuzi ni fundi, alikuwa anataka kitambaa na vifungo.

Tangu hapo kasoro inapigwa picha kwa karibu, na sarafu au kidole pembeni ili ukubwa uonekane. Harufu haipigiki picha kwa hiyo inaandikwa. Moshi, manukato makali, ukungu, vyote tunataja.

TatuKwaMoja

Naona wote ni nguo. Sisi tunauza na vitu vya nyumbani na simu, naomba niwaonye kuhusu simu. Shemeji yangu alinunua simu tano kwa mpigo, akazifuta zote kurudi upya, akaona zinawaka vizuri. Tatu zilikuwa zimefungwa na akaunti ya mwenyewe wa mwanzo. Kwenye iPhone ulinzi huo upo tangu 2013, na kufuta simu hakuuondoi, mpaka mwenyewe aitoe kwenye akaunti yake. Mwenyewe hayupo, zimebaki mapambo. Sasa hatulipi kabla hatujaiwasha mbele ya muuzaji mpaka ifike ukurasa wa mwanzo bila kuuliza nenosiri la mtu.

Kingine: kiti cha mtoto cha gari na helmeti hatuuzi, hata kama tumepewa bure. Kikishapata ajali kinaweza kuonekana kizima na kisimlinde mtu tena, na historia yake hatuijui.

Mzigo Mwepesi

Nani mwingine alishaadhibiwa na boksi kubwa? Jaketi la kujazwa manyoya, kilo mbili. Mume wangu akalitia kwenye boksi la sentimeta 50 kwa 40 kwa 30 lisije likakunjamana. Kampuni nyingi za kusafirisha hupima na nafasi: urefu mara upana mara kimo, gawanya kwa 5,000. Fanya hesabu, ni kilo 12. Tulilipia kilo 12 kwa jaketi la kilo mbili, na mteja alishaambiwa nauli ni yetu. Sasa jaketi linabanwa hewa kwenye mfuko, boksi linakatwa kwa kisu likaribie mzigo. Mume wangu amepata mizani ya jikoni na rula, anajiita mhandisi.

MkaliWaHesabu

Nitakuja na lisilopendeza. Kaka zangu, dada zangu, mmehesabu muda? Sisi tulikuwa watatu, mimi, mama na dada, tukigawana kilichobaki kila mwisho wa mwezi. Kilikuwa kinabaki, tunafurahi. Siku moja dada akaandika saa zote kwa wiki mbili: kuchagua, kufua, kupiga pasi, kupiga picha, kujibu "bado ipo?", kufunga. Nguo moja ya bei ya chini ilikula dakika 50. Tukagundua mama alikuwa anapiga pasi tangu asubuhi kwa malipo ambayo tungeona aibu kumpa mtu baki.

Tulipunguza. Vitu vya bei ya chini tunauza kwa fungu, vinne vitano pamoja, picha moja. Mama analipwa kwanza, kabla ya mgao. Na kuna jambo ambalo naona wengi hapa mnaliogopa: ndugu wanaoazima mzigo. Dada yangu mwingine, ambaye hayumo kwenye biashara, anakuja Ijumaa anachukua gauni la sherehe, Jumatatu analirudisha lina poda kwenye kola. Ukisema unaambiwa una roho mbaya. Hilo bado hatujalimaliza, mwenye dawa aniambie.

WifiMpole

@MkaliWaHesabu sisi wa kuazima tunamwandikia oda kama mteja, jina lake, namba ya nguo, na bei. Akirudisha bila doa tunafuta. Wawili wamenuna, mmoja amenunua.

MwenyeUzi

Ahsanteni sana, hii ya kumlipa mama kwanza imenigusa pabaya, naenda kuizungumza na wenzangu usiku huu.

@WifiMpole shikamoo imefika, anasema marahaba. Jana asubuhi kulikuwa na baridi, nikataka koti langu, langu mwenyewe, nililoliacha juu ya kiti. Mama akaniuliza namba yake ngapi. Nikamwambia halina namba, ni langu. Akasema kisicho na namba hakijaingia, na kisichoingia hakitoki. Nimekwenda kazini na sweta la mke wangu.