Mtoto mmoja, vipimo viwili, majibu mawili: jeni ilikuwa wapi?

FundiWaya

Wakuu, salamu. Mimi ni fundi umeme, biolojia niliiacha shuleni miaka mingi iliyopita. Mezani kwangu kuna karatasi mbili za mtoto wa dada yangu. Ya kwanza alipimwa akiwa na wiki tano, imeandikwa siko seli: hasi. Ya pili ni ya miezi tisa, baada ya vidole vya mikono na miguu kumvimba hadi akawa analia ukimgusa tu. Hiyo inasema Hb SS, yaani ana siko seli.

Shemeji anasema maabara ya kwanza walichanganya chupa. Bibi yake mtoto anasema ugonjwa umemwingia baadaye. Dada naye analia tu, na shemeji anazidi kumchoma kwa kusema kwao hakuna mwenye ugonjwa huo.

Swali langu: kama jeni mtu anapewa siku mimba inapotungwa, hii ilikuwa wapi miezi yote hiyo? Mtoto alikuwa mnene, anacheka, hajui hata homa. La pili, wanasema kila seli mwilini ina jeni zote. Basi kwa nini balaa liko kwenye damu tu? Jicho lake mbona halitengenezi hiyo hemoglobini mbovu, wala kucha? Msinitajie vitabu, nielezeni kama mtu mzima asiye daktari.

Msemakweli77

Walikosea maabara. Jeni haibadiliki. Mengine ni kupoteza muda.

Slaidi

Fundi, pole na mtoto. Nimeinamia darubini miaka 17, kwa hiyo nianze na hizo karatasi zako.

Karatasi zote mbili zinaweza kuwa sahihi. Kile kipimo cha haraka hakiangalii jeni hata kidogo. Nikikifanya mimi, nachukua tone la damu, naliweka kwenye kioo, nachanganya na dawa inayomaliza oksijeni, nafunika kwa kioo chembamba na kuziba kingo zote hewa isiingie. Halafu nasubiri. Kama ndani ya seli nyekundu kuna hemoglobini S ya kutosha, yaani ile mbovu, zile duara zinaanza kujipinda na kuchongoka kama mundu. Tia mstari chini ya "ya kutosha". Ninachokiona pale ni bidhaa iliyokwisha kutengenezwa. Mchoro ulioitengeneza siuoni. Damu ya mtoto wa wiki tano bado imejaa hemoglobini nyingine kabisa, ile aliyokuwa akiitumia tumboni, na S ni kidogo mno kuipinda seli. Jibu la "hasi" lilikuwa kweli kuhusu lile tone na uongo kuhusu mtoto. Kumpima mtoto wa umri huo kwa njia hiyo, kisha kumwacha mama aondoke akiamini yamekwisha, hapo siwezi kuwatetea wenzangu.

Jeni yenyewe ilikuwepo tangu siku ya kwanza, kwenye kromosomu ya 11. Pale kuna ukoo mzima wa jeni zilizokaa foleni, na kinachonifurahisha mimi ni kwamba zimekaa kwa mpangilio wa zamu zao. Inaanza ile inayofanya kazi wiki za mwanzo kabisa za mimba. Zinafuata mbili za gama, hizi ndizo za hemoglobini F ya mtoto aliye tumboni, inayoshika oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama na hivyo kuweza kuichukua kupitia kondo. Kisha delta, ambayo kazi yake ni ndogo. Mwisho beta, ya maisha yote yaliyobaki. Karibu na kuzaliwa, gama zinaanza kufifia na beta inashika kasi. Mabadiliko hayo huchukua miezi. Kosa la mtoto wenu liko ndani ya beta, gama zake ni nzima. Mradi damu yake ilikuwa inategemea gama, alikuwa mtoto kama mtoto mwingine yeyote. Daktari mmoja wa watoto Marekani, Janet Watson, aliliona hilo mwaka 1948: watoto wachanga wenye selimundu, ndiyo siko seli, damu yao haijipindi sana, akahisi hemoglobini ya tumboni ndiyo inayowakinga. Alikuwa sahihi.

Kosa lenyewe ni dogo hadi linaudhi. DNA ina herufi nne, A, T, G na C, na husomwa tatu tatu. Kila tatu inaita asidi amino moja, ni kama tofali la kujengea protini, na mnyororo wa beta una 146. Kwenye nafasi ya sita, panapotakiwa GAG, pameandikwa GTG. Basi, T imekaa pa A. Badala ya asidi ya glutamiki isiyoogopa maji inakuja valini inayoyakimbia. Hemoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo inajibanza kwenye hemoglobini ya jirani, jirani naye anajibanza kwa mwingine, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoisukuma seli kutoka ndani. Seli iliyopinda inakwama kwenye mishipa myembamba, na kwa watoto vidole ndivyo huonyesha mapema.

Jicho na kucha sasa. Binadamu ana jeni takriban 20,000 za kutengeneza protini, na seli ya jicho la mtoto inayo beta yenye kosa sawasawa na uboho wake. Ila kuwa na jeni ni jambo moja na kuifungua ni jingine. DNA ya seli moja ukiinyoosha ni kama mita mbili, imeviringishwa kwenye protini ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. Kwenye jicho, sehemu yenye jeni za globini, yaani minyororo ya hemoglobini, imekunjwa na kubanwa, hakuna anayeifikia. Kwenye seli changa za damu ndani ya uboho imelegezwa. Jeni inanakiliwa kuwa RNA, nakala inatoka nje ya kiini, ribosomu, kimashine cha kuunda protini, inaishika na kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine. Seli hiyo inafika mahali haifanyi kazi nyingine ya maana ila globini tu.

Na hapo nirekebishe kidogo hilo la "kila seli". Seli nyekundu ikikaribia kukomaa hukitoa kiini chake nje. Ile inayokwama kidoleni na kumliza mtoto haina jeni hata moja ndani yake. Zile zilizotoka uboho jana au juzi hubaki na masalio ya RNA, na nikizipaka rangi yake maalumu naona kautando ka buluu ndani. Nilipokuwa mwanafunzi niliambiwa nizihesabu, nikahesabu kama mtu anayehesabu mchele. Miaka ilipita ndipo nikaelewa kuwa ule utando ni nyayo za jeni iliyokuwa kazini siku mbili zilizopita. Kwa mgonjwa wa SS huwa nyingi, maana uboho unakimbizana na seli zinazokufa mapema.

Mbaazi_za_Mendel

Asante Slaidi. Niongezee kwenye la shemeji. Jeni S ni dhaifu, kwa hiyo mwenye AS, yaani A nzima moja na S moja, ile S yake imelala, haifanyi kazi mpaka zikutane mbili. Shemeji anaweza kuwa nayo asijue. Wazazi wote wawili wakiwa AS, mtoto mmoja kati ya wanne ndiye anapata SS. Huyu ndiye mmoja wao, wanaofuata watatu wako salama.

Slaidi

Mbaazi, la shemeji umelipatia, na Fundi mwambie kwa upole: mtoto akiwa SS, S moja imetoka kwa baba na moja kwa mama. Kwao kutokuwa na mgonjwa hakumaanishi kwao hakuna S.

Mengine mawili hapana. S ya mtu wa AS haijalala. Inasomwa kila siku. Nikiweka damu yake kwenye elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha hemoglobini kwa umeme, naona mistari miwili, wa A na wa S, huo wa S kwa kawaida chini kidogo ya nusu. Kinachomwokoa ni kwamba A iliyochanganyika ndani ya seli ile ile inazivuruga zile nyuzi zisiungane. "Dhaifu" ni neno linaloeleza ugonjwa unavyoonekana nje, kule ndani jeni zote mbili ziko kazini. Mendel, yule mtawa aliyeanzisha elimu ya urithi, alihesabu mbegu za njegere, laini 5,474 na zilizokunjamana 1,850, karibu tatu kwa moja, bila kujua chochote kuhusu kinachotengenezwa ndani.

Na robo ni ya kila mimba, upya. Mimba haina kumbukumbu ya iliyotangulia. Kuna familia zina wawili wa SS mfululizo, na nyingine watano bila hata mmoja. Hilo la "watatu salama" nimeshuhudia likiumiza watu, tafadhali usilirudie.

FundiWaya

Nimesoma mara tatu. Shemeji nitamsomea jioni. Lakini Slaidi, kwenye kazi yangu swichi haijibonyezi. Umesema gama zinafifia, beta inashika kasi. Nani anabonyeza? Na huyo anayebonyeza, nani amemwambia wakati umefika?

Slaidi

Anayebonyeza ni protini. Na protini hiyo imetoka kwenye jeni nyingine, iliyofunguliwa na protini nyingine, ukirudi nyuma hivyo hivyo hadi kwenye yai lenyewe, ambalo mama alishaliwekea protini na RNA za kuanzia. Zinatua kwenye vipande vya DNA karibu na jeni, wakati mwingine mbali nayo, na kuita mashine ya kunakili au kuifukuza.

FundiWaya

Hiyo ni kontakta! Unabonyeza kitufe kidogo huku, koili inapata umeme, inavuta, mota kubwa kule inawaka. Kontakta moja inaweza kuwasha koili ya nyingine. Na kuna kontakti ambazo kwa kawaida zimefunga, koili ikipata umeme ndiyo zinaachia, kile kilichokuwa kinawaka kinazimika.

Slaidi

Umenipokonya somo. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoizima gama. Kuna protini inaitwa BCL11A. Ikiwa nyingi kwenye seli changa za damu, inakaa juu ya gama na kuizima. Sasa fikiri kama fundi: beta ni mbovu, gama ni nzima lakini imezimwa. Utafanya nini?

FundiWaya

Nakata umeme wa koili. Gama inarudi.

Slaidi

Ndicho walichofanya. Matibabu ya kwanza ya aina hiyo, Casgevy, yaliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Wanachukua seli mama za damu za mgonjwa, wanazikata DNA nje ya mwili, wanazirudisha. Kile ninachokipenda ni mahali walipokata. BCL11A ina kazi nyingine, hata kwenye ubongo, huwezi kuiharibu hovyo. Kwa hiyo sehemu ya jeni inayoandika protini hawakuigusa. Walikata kipande kinachoipandisha ndani ya ukoo wa seli nyekundu tu. Koili moja, chumba kimoja. Lile kosa la GTG limebaki palepale, hawakulisahihisha. Usimpe dada matumaini ya haraka lakini: kabla ya kurudisha seli inabidi uboho wa zamani uteketezwe kwa dawa kali, na ni vituo vichache vinavyoweza.

Mundu_Mkononi

Nimekuwa nasoma kimya. Mimi ni SS, nina miaka 31. Fundi, mwambie dada yako kuna kitu cha kufanya leo bila kungoja hayo makubwa. Natumia haidroksiyurea mwaka wa nane. Kabla yake hemoglobini F yangu ilikuwa asilimia 4, sasa inacheza kwenye 15 hadi 17. Nilikuwa nalazwa kila baada ya miezi miwili, mwaka jana nimelazwa mara moja. Nilidhani ni dawa ya kupunguza maumivu, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba inaamsha ile damu ya utotoni. Nimejua hapa, kwenye uzi wa fundi umeme.

Slaidi

Mundu, inafanya hivyo na mengine pia, na damu yako ipimwe mara kwa mara maana inaweza kushusha seli nyeupe. Najua unajua.

FundiWaya

Nimemsomea shemeji. Alinyamaza muda mrefu, akauliza ni wapi atapimwa yeye. Halafu kuna jambo sikulisema mwanzoni: dada ana mimba ya miezi mitano.

Slaidi

Basi huyu wasimsubirie vidole. Akizaliwa waombe elektroforesisi au kipimo kingine kinachotenganisha aina za hemoglobini, siku za mwanzo kabisa, na wakikataa wakitaka kumfanyia kile cha haraka, wewe kataa. Majibu yatakuja kwa herufi, zimepangwa kuanzia iliyo nyingi zaidi. F itatangulia, hiyo ni ya kila mtoto mchanga, isikutishe. Ikiwa FA, hana S. FAS, amebeba moja kama wazazi wake. Ikiwa FS, rudini kliniki mapema, mtoto akiwa bado mzima kabisa, kwa sababu penisilini ya kumkinga na maambukizi huanza katika miezi michache ya kwanza, wakati gama bado inamlinda. Huyo wa miezi tisa naye waulize kama ameshaanzishiwa. Andika hapa herufi zikitoka.