Wajukuu wa Bibi Tausi: kitabu cha Desemba

Dada Zai: Assalaam alaykum wote. Nakumbusha, Jumamosi saa kumi jioni kwa Mama Nasra, tunajadili Hunger Games. Ukishindwa kumaliza, fika angalau pale wanapoingia uwanjani. Wanaokuja waandike majina.
1. Zai
2.

Dada Zai: Jamani. Tiki za bluu naziona zote, jina moja.

Baraka: 2. Baraka (kama kuna sambusa)

Mama Nasra: Kwa Mama Nasra kakubali nani? Mimi nasikia humu humu.

Dada Zai: Dada, si tuliongea msibani?

Mama Nasra: Msibani uliniuliza habari za viti.

Shangazi Rehema: 😂😂

Dada Zai: Tuendelee. Nakala yangu iko kwa nani? Nilimpa Nasra, Nasra anasema haipo.

*(saa 5:52 usiku)*
Mjomba Hamisi: Ninayo mimi.

Dada Zai: Mjomba! Wewe si uliyesema mwalimu mstaafu hasomi vitabu vya watoto wa sekondari?

Mjomba Hamisi: Umeme ulikatika. Nikashika kilichokuwa karibu.

Baraka: Umeme ulikatika Jumapili mjomba, leo Alhamisi

Mjomba Hamisi: Baraka nenda kalale. Nyie mnaona mishale na magauni ya moto. Mmesoma ile hesabu ya majina? Mtoto akifika miaka 12 jina linaingia mara moja kwenye kura ya watoto wa kupelekwa uwanjani kuuana, na kila mwaka linaongezeka. Nyumba ikiwa na njaa, anaruhusiwa kuongeza jina lake apewe nafaka na mafuta, ya mtu mmoja kwa mwaka mzima, tena kidogo. Katniss, yule binti anayesimulia, ana miaka 16, jina limo mara 20. Rafiki yake Gale, mara 42. Prim, mdogo wake Katniss, limo mara moja tu, na ndilo lililotoka. Maskini anauza bahati yake kwa unga! Sisi tuliopanga foleni za sukari miaka ya 1980 mwanzoni hatuhitaji kuelezwa.

Shangazi Rehema: Na sabuni kaka. Usisahau sabuni.

Baraka: Mjomba, kwani Kusadikika kimeishia wapi? Mwezi mzima ulikuwa unatuambia Shaaban Robert alishamaliza kila kitu mwaka 1951

Mjomba Hamisi: Kipo pale pale. Karama alisimama barazani akajitetea kwa maneno, na wakubwa wakasikiliza. Panem, nchi ya kitabu hiki, nani atakusikiliza? Yule binti hana hotuba. Anamfunika maua Rue, mtoto mwenzake wa uwanjani, kamera zinaona, basi. Pale niliweka kitabu chini kidogo.

Nasra: MJOMBA RUE ANAKUFA????

*Ujumbe huu umefutwa*

Nasra: Nimeshausoma

Baraka: 😂😂😂 Katniss naye anakufa ukurasa wa mwisho

Nasra: Muongo. Anasimulia mwenyewe, atakufaje

Mjomba Hamisi: Na mimi nilijipa moyo hivyo hivyo. Halafu ukiangalia, hasimulii yaliyopita, anasimulia yanayomfika sasa hivi. Kwa hiyo hujui. Ndiyo maana sikulala.

Dada Zai: Haya ndiyo ya kuongea JUMAMOSI. Mama Nasra, ni kwako au si kwako?

Mama Nasra: Mimi nilifika pale dada mtu anapopiga kelele kwamba anajitolea badala ya mdogo wake, nikakifunga. Yule mdogo angalau alilia. Wengine humu walipanda basi la kwenda bweni wanapunga mkono.

Dada Zai: Dada tusianze.

Mama Nasra: Sijamtaja mtu.

Shangazi Rehema: Zuhura. Usiku huu.

Baraka: Jamani ile sambusa

Mama Nasra: Baraka nyamaza!

*(Ijumaa, saa 1:20 asubuhi)*
Nasra: Bibi kaniamuru nimsomee yote ya jana. Anasema niandike kama anavyosema, nisipunguze:

"Mwaka ule babu yenu alipunguzwa kazi kwenye mkonge. Ada ilikuwa ya mtoto mmoja. Zuhura hakujitolea. Nilimtoa mimi, maana mdomo wake ulikuwa mzito na mikono myepesi, nikaona nyumba itamhitaji. Zai hana deni kwa dada yake. Deni ni langu, na sijalilipa. Mwenye neno aje barazani aniambie mimi, si kwenye simu."

*(saa 4:05 asubuhi)*
Shangazi Rehema: Tumesikia mama.

Mjomba Hamisi: Tumesikia.

*(saa 8:40 mchana)*
Salum Maskati: Salaam wapendwa, kazi nyingi huku. 3. Salum. Nitaingia kwa simu. Hicho kitabu kina filamu?

Baraka: Zipo kaka, ya kwanza ya 2012

Dada Zai: Salum usitazame filamu, soma.

*(saa 2:15 usiku)*
Mama Nasra: Viti ninavyo sita. Sambusa sipiki.

Dada Zai: Ahsante dada. Kwa hiyo ni kwako?

Dada Zai: Dada?

Nasra: Mama kaenda kwa Bibi. Simu kaacha

Mjomba Hamisi: Zai, cha pili unacho? Catching Fire. Nakuulizia Nasra.

Nasra: Mimi sijakutuma mjomba

Dada Zai: Wote: kesho saa kumi. Ndiyo au hapana?

Salum Maskati: Saa kumi ya huku au ya huko?