Miche yangu ya nyanya inaungua na joto la Februari. Busta ya mwani itasaidia?

Dada wa Chanika
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa hela tena.

Nipo Chanika, naotesha miche ya nyanya uani kwangu, mingine kwa ajili ya robo eka yangu, mingine nawauzia majirani. Mwezi wa kwanza nilisia nyanya aina ya Tanya trei 6. Mbegu ziliota vizuri, lakini kuanzia wiki ya pili majani yakaanza kujikunja, kingo zikakauka kama zimepitishwa kwenye moto, na ikifika saa saba mchana miche yote imelala. Jioni inainuka, kesho yake inalala tena. Hadi leo haijabaki hata nusu.

Duka moja la pembejeo Kariakoo wameniambia ninunue busta ya mwani, nusu lita elfu 28, kwamba miche itavumilia jua. Kwenye chupa imeandikwa biostimulanti. Kuna aliyeitumia kwenye miche midogo? Inafanya kazi kweli? Na naanza lini, kwa kipimo gani? Hela yenyewe nimeichomoa kwenye ada ya mtoto, ndiyo maana nauliza sana.

Mzee wa Mzinga
Mimi nimetumia ya mwani misimu mitatu. Mizizi inakuwa mingi na miche inashika haraka shambani. Nunua mwanangu.

Kitalu Bunju
Pole sana dada. Kabla ya chupa tueleze: trei umeziweka juu ya nini? Unamwagilia saa ngapi, na maji ya wapi?

Dada wa Chanika
Trei ni zile nyeusi, nimezipanga kwenye sakafu ya saruji, juu nimefunga neti ya kivuli. Namwagilia saa mbili asubuhi, na saa saba nikiona imelala. Maji ni ya kisima, yanapanda kwenye simtanki, natumia mpira. Udongo ni usumba wa nazi nimechanganya na mboji.

Kitalu Bunju
Basi dada, nahisi miche yako inapikwa kutoka chini. Neti umeifunga juu, lakini joto linalopanda kutoka kwenye saruji nani amelizuia? Kesho saa saba weka kiganja kwenye sakafu uone utavumilia kwa muda gani. Halafu ingiza kidole kwenye tundu la pembeni mwa trei, kisha la katikati. Tundu moja lina udongo kama kijiko tu, na plastiki nyeusi inavuta joto, kwa hiyo mizizi haina pa kukimbilia. Angalia pia miche iliyokufa imekufa wapi. Ikiwa ni mistari ya pembeni, umeshapata jibu.

Na huo mpira. Maji yaliyolala ndani ya mpira juani, ukifungua saa saba, ya mwanzo huwezi kuyawekea mkono. Hayo ndiyo unayoipa miche iliyokwisha kulala. Mimi mwenyewe niliua trei 3 hivyo mwaka wa kwanza nikadhani ni kinyausi, ule ukungu unaoangusha miche, nikanunua dawa ya ukungu bure. Siku hizi mpira unalala kivulini na maji ya kwanza namwaga chini.

Inua trei. Tofali mbili huku, mbili kule, mbao juu yake, upepo upite chini. Hakuna chupa itakayofanya kazi hiyo.

Kijana wa Kigamboni
Kingo za majani kukauka mimi kunanipeleka kwenye chumvi. Huku kwetu visima vingi vina chumvi kwa sababu ya bahari, na hata Chanika vipo vyenye maji mazito. Kwenye joto maji yanakauka, chumvi inabaki juu ya udongo. Usumba nao una chumvi yake usipooshwa. Mimi naloweka siku nzima, namwaga maji, narudia mara tatu. Umeuosha?

Dada wa Chanika
Sikuuosha kaka. Sikujua kabisa.

Bibi Shamba
Wanangu, nawasalimu. Nimefanya kazi ya ugani miaka mingi, acheni niseme kidogo kuhusu hiyo chupa, maana neno busta linawaponza wengi. Dukani vitu vitatu tofauti vinaitwa busta. Kuna mbolea ya majani, ambayo lebo yake inaonyesha asilimia za N, P na K, yaani naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Kuna homoni za kukuzia. Halafu kuna hii biostimulanti: dondoo ya mwani, asidi ya hyumiki, amino asidi, au vijidudu rafiki kama Trichoderma. Hiyo ya tatu si chakula cha mmea. Kazi yake ni kuuchangamsha mmea utumie vizuri chakula kilichopo na uhimili dhiki kama joto, ukame na chumvi. Umoja wa Ulaya kwenye kanuni yake ya mbolea ya 2019 wameitambua hivyo hivyo, kwa kile inachoufanyia mmea, siyo kwa virutubisho vilivyomo.

Kwa nini natofautisha? Kwa sababu mche wa wiki mbili ukipewa mbolea ya majani yenye naitrojeni nyingi katika joto hili, unarefuka na kulegea kama uzi. Mnunuzi anaupenda kwa urefu, shambani unaanguka. Soma lebo kwanza, mwanangu, uhakikishe unachonunua, na uangalie tarehe ya kuisha muda.

Sasa wakati wa kuitumia. Mmea hujipoza kwa kutoa jasho kwenye majani. Maji yasipofika kutoka kwenye mizizi, vitundu vya majani hufunga, jani linachemka na sumu zinajikusanya ndani ya seli zake. Dondoo ya mwani ina vitu vinavyosaidia seli kushika maji na kupunguza sumu hizo, lakini mmea uwe umeipokea mapema, siku mbili au tatu kabla ya joto kali. Ukinyunyiza saa saba mchana mche umelala, umechelewa, na unaweza kuliunguza jani. Mwagia kwenye udongo jioni. Anza mche ukiwa na majani mawili halisi, achana na yale ya mbegu, rudia baada ya siku 7 hadi 10, na mara ya mwisho siku chache kabla ya kuhamishia shambani.

Kipimo ni cha kwenye lebo. Nyingi ni mililita 2 au 3 kwa lita moja ya maji, wewe chukua cha chini. Usipimie kifuniko cha soda. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano. Kuzidisha kunadumaza miche.

Mzee wa Mzinga
Hapo kwenye kipimo mama umenena. Lakini mimi nasisitiza, kwangu imesaidia.

Kitalu Bunju
Sikatai mzee wangu. Ila nakuuliza kwa heshima, kuna trei uliyoiacha bila kuipa ukalinganisha?

Mzee wa Mzinga
Hapana, zote nilizipa. Na ni kweli mwaka huohuo nilihamishia kitalu kivulini chini ya mwembe.

Binti Temeke
Samahani nadandia uzi. Shangazi yangu analima mwani Paje. Tukiuchemsha wenyewe tukamwagia miche haitoshi?

Bibi Shamba
Mwani unaolimwa Zanzibar ni mwekundu, aina za spinosamu na kotoni. Chupa nyingi za dukani zinatokana na mwani wa kahawia, Ascophyllum nodosum, unaoota kwenye bahari ya baridi ya Atlantiki ya Kaskazini. Kotoni nao unafaa, India wanakamua maji yake na kuyatumia mashambani. Lakini kuchemsha sufuriani huku hujui chumvi iliyobaki ni kiasi gani, kwenye miche midogo mimi sikushauri. Jaribu kwenye mchicha kwanza.

Dada wa Chanika
Wakuu nimerudi, wiki ya nne sasa.

Saruji ya saa saba sikuweza kuweka kiganja hadi kuhesabu tano. Tundu la pembeni lilikuwa la moto, la katikati vuguvugu, na miche iliyokufa ni ya mistari ya pembeni, upande linakozamia jua. Ukingo wa trei ulikuwa na unga mweupe, nikaulamba: chumvi. Nilikaa pale chini nikajisikia vibaya sana.

Nikasia upya trei 4. Usumba nimeuosha mara tatu, trei ziko juu ya mbao, maji nachota ya bomba kwa jirani kwa ndoo. Nilinunua chupa ndogo ya mwani, siyo ile ya nusu lita. Trei 2 nimezipa kama mama alivyoelekeza, 2 nimeziacha.

Saa saba hakuna inayolala, hata zile ambazo hazikupewa. Juu zinafanana tu. Lakini jana nilichomoa mche mmoja kila upande. Wa mwani umetoka na donge zima, mizizi myeupe imelifunga hadi chini. Ule mwingine udongo wa chini ulibaki mkononi. Nikachomoa mingine miwili, ikawa vilevile. Je, nihamishie shambani wiki hii?

Bibi Shamba
Hongera mwanangu, umefanya kazi safi. Ila usijaze robo eka. Mche kuvumilia joto na ua kuvumilia joto ni mambo mawili. Usiku ukibaki na nyuzi 24 na zaidi, chavua inakuwa dhaifu na maua yanadondoka, na masika ikiingia inakuja na bakajani, ugonjwa wa mabaka kwenye majani. Panda mistari miwili ujifunze, na wanaonunua kwako waambie hivyo hivyo. Mbegu ya robo eka isie katikati ya Aprili, uhamishe katikati ya Mei mvua zikipungua, maua yaje Juni na Julai usiku wa Dar ukiwa umepoa.

Dada wa Chanika
Nimekuelewa mama, ubarikiwe. Mistari miwili, mmoja wenye mwani na mmoja bila. Majirani wawili wameshakubali kusubiri hadi Mei.