Hilux inalala tumbo njia ya Engaruka kwenda Natron: spesa, springi au tairi?

korongo_kavu:
Wakuu, habari za kazi. Gari ni Hilux ya 2012 ya milango minne, 4x4, koili mbele na springi za majani nyuma, tairi 265/65R17. Inabeba vifaa vya kambi, kama kilo 400, kutoka Mto wa Mbu kupita Engaruka hadi Ngare Sero, kando ya Ziwa Natron.

Shida ni mbili. Malori yamechimba njia, kwa hiyo mgongo wa katikati unakwangua chini ya gari karibu kila mahali penye vumbi laini. Halafu nikivuka korongo kwa mshazari, tairi moja la nyuma linabaki hewani linazunguka bure na gari haisogei.

Fundi anapendekeza spesa (vipande vya kunyanyulia springi) za milimita 50 mbele, majani mawili ya ziada nyuma, na kutoa ile mipira ya kugotea, inayozuia ekseli isigonge chesisi, "springi ipate nafasi ya kucheza". Kuna ubaya? Na je, zitatatua shida zote mbili?

difu_na_ekseli:
Mkuu, hayo ni magonjwa mawili, na dawa uliyoandikiwa inatibu robo ya la kwanza na kuzidisha la pili.

Anza na kukwangua. Lala chini uangalie ni chuma gani chenye mikwaruzo mipya. Kama ni bakuli la difu ya nyuma (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili), spesa na springi hazitakusaidia hata kidogo. Difu hiyo imo ndani ya ekseli, ekseli imeshikwa na magurudumu, na springi ziko juu yake. Ukinyanyua bodi milimita 100, difu inabaki pale pale. Kitu pekee kinachoipandisha ni tairi, na inapanda nusu tu ya ongezeko la kipenyo. 265/65R17 ina kipenyo cha mm 776. 265/70R17 ni mm 803. Unapata kama mm 13 chini ya difu, na spidomita itasoma pungufu kwa asilimia 3.4: ikionyesha 80, wewe unakwenda karibu 83. 285/70R17 inakupa mm 27, lakini itasugua fenda ukikata kona na itaifanya gari iwe nzito kuondoka. Mimi ningeishia 265/70.

Kama mikwaruzo iko kwenye fremu ya mbele, sahani ya kukinga injini au gia boksi, hapo kunyanyua kunasaidia kweli, maana vyote hivyo vimefungwa kwenye chesisi. Mbele ya Hilux hiyo hata difu imefungwa kwenye chesisi. Lakini kumbuka kuwa nafasi unayopima gari ikiwa imesimama siyo utakayokuwa nayo ikitembea. Mbele ikibonyea mm 70 kwenye shimo, kila kilichofungwa kwenye chesisi kimeshuka mm 70 pamoja nayo. Ekseli nzima, yaani bomba moja kutoka gurudumu hadi gurudumu, kama ya Land Cruiser 79 haina tabia hiyo: difu yake ni ya chini tangu mwanzo, ila haishuki zaidi springi zikibonyea.

Sasa spesa. Uliza inakaa wapi. Ikikaa juu ya kikombe cha shokapu, nje ya koili, mm 25 hunyanyua gari karibu mm 45 hadi 50 kwenye tairi, kwa sababu shokapu imeshikwa katikati ya mkono wa chini unaoshika gurudumu, si kwenye gurudumu lenyewe. Spesa ya mm 50 hapo itakuletea karibu mm 100. Hiyo ni kuua si-vi jointi (viungo vya shafti ya gurudumu la mbele) na boljointi (viungo vya mpira wa chuma kwenye mikono), wala haina mjadala. Ikikaa ndani, inaibana koili, shokapu inabaki na urefu wake ule ule. Gari inapanda, ila kila milimita uliyopanda umeikata kwenye nafasi ya tairi kushuka. Tairi lisiposhuka kwenye shimo, linaning'inia.

Kabla ya kununua chochote, pima. Gari kwenye sakafu tambarare, upepo sawa, mzigo wako wa kawaida ndani:

1. Pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa fenda, kona zote nne. Andika.
2. Weka jeki kwenye chesisi, si kwenye ekseli. Nyanyua mpaka tairi liachie ardhi, pima tena. Tofauti ndiyo nafasi ya kushuka.
3. Bandika donge dogo la udongo wa mfinyanzi juu ya kila mpira wa kugotea, uende njia yako ya kawaida. Donge likirudi limepondeka, umegota.
4. Pima ardhi hadi chini ya difu ya nyuma, na ardhi hadi fremu ya mbele.

Leta namba tuzungumze.

Kifaru79:
Namuunga mkono aliyetangulia. Mimi naingia kwenye majani tu.

Ugumu wa jani unapanda kwa mchemraba wa unene wake. Jani la mm 10 lenye urefu na upana sawa na la mm 7 ni gumu karibu mara tatu. Ndiyo maana ukitupia majani mawili manene chini ya mkungu wa majani yaliyopo, gari inakaa juu vizuri sana uani kwa fundi, na ikifika njia ya mawe tairi linaruka badala ya kufuata shimo. Springi nzuri kwa kazi yako ni majani mengi membamba marefu, yaliyopangwa kwa mzigo wa kilo 300 hadi 400 wa kudumu. Kama mfuko unaruhusu jani moja tu, liwe la unene sawa na yaliyopo, liingie nafasi ya tatu kutoka juu, na ncha zake zichongwe zisichimbe jani la juu yake.

Usipake grisi katikati ya majani kwa njia hiyo. Vumbi la Engaruka ni la volkano, likichanganyika na grisi linasaga chuma. Safisha kutu, kaa na majani makavu. Vibanio vinavyofunga majani pamoja visitolewe: tairi likining'inia, bila vibanio jani mama (la juu, refu kuliko yote) linabeba ekseli peke yake na linakatika jirani na sentabolti, bolti inayopita katikati ya majani yote.

Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ni za kutumika mara moja. Ukifungua springi weka mpya, kaza kwa msalaba, rudia kukaza baada ya kilomita 500. Zikilegea, sentabolti inakatwa na ekseli inasogea nyuma.

Kuna watu watakuambia urefushe pingu za springi, vile vyuma vinavyoning'iniza ncha ya springi kwenye chesisi. Pingu ikiongezwa mm 50 gari inapanda mm 25 tu, na inaanza kuyumba kwa pembeni. Achana nayo.

Jambo linalosahaulika kuliko yote: valvu ya breki inayosoma mzigo. Angalia juu ya ekseli ya nyuma kama kuna fimbo inayokwenda kwenye valvu iliyofungwa kwenye chesisi. Ukinyanyua nyuma, fimbo inavutwa chini, valvu inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma hata ukiwa na kilo 400. Kiti cha fimbo pale kwenye ekseli kipandishwe kwa milimita zile zile ulizonyanyua. Na mipira ya breki, yaani mabomba laini ya mafuta ya breki: shusha ekseli mpaka mwisho, geuza usukani mwisho huku na huku, uone kama kuna mpira unaovutika.

korongo_kavu:
Asanteni sana. Namba hizi hapa, na mzigo ndani. Mbele habu hadi fenda 505, ikiachia ardhi 590. Nyuma 510, ikiachia 625. Chini ya difu 198, fremu ya mbele 221. Madonge ya nyuma yote mawili yamepondeka kabisa, ya mbele hayajaguswa. Mikwaruzo mipya iko kwenye bakuli la difu na kwenye fremu ya gia boksi.

Valvu ya breki ipo, nimeiona.

difu_na_ekseli:
Safi. Sasa gari yako inajieleza yenyewe.

Mbele una mm 85 za kushuka na hugoti. Ukiweka spesa ya ndani inayonyanyua mm 50 unabaki na 35. Hapo kila shimo la ukubwa wa sufuria litaning'iniza tairi na utasikia shokapu ikigonga mwisho wa kufunguka. Nyanyua mbele mm 30 hadi 40 kwa koili sahihi pamoja na shokapu ndefu zaidi iliyotengenezwa kwa urefu huo, usizidishe. Juu ya 50, mkono wa juu unakaribia kugusa koili tairi likishuka, kasta (mlalo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu, unaorudisha usukani) inapungua, na pembe ya si-vi jointi inakuwa kali kiasi cha kupasua buti zake.

Nyuma shida si kushuka, una mm 115, ni nzuri. Shida ni kwamba kwa kilo 400 springi zimelala, unagota. Na hapa ndipo tairi lako la hewani linapotoka. Ekseli nzima inafanya kazi kama mzani: upande mmoja ukipanda, mwingine unashuka. Upande unaopanda ukigota mapema, bodi yote inaegemea mpira ule na inanyanyuka nao, na upande wa pili unamaliza mm 115 zake kabla haujafika chini. Ukitoa mpira hujaongeza mchezo, umehamisha pigo kutoka kwenye mpira kwenda kwenye chesisi, shokapu na jani mama. Mipira ibaki. Springi zenye nguvu ya mzigo wako, zikiinua nyuma ya gari kwa mm 40, zinakupa mm 40 zaidi za kupanda na kukuachia kama 75 za kushuka. Shokapu ndefu zitakurudishia sehemu ya hizo.

Shokapu usinunue kwa jina la gari peke yake. Fungua moja, pima kati ya bolti ya juu na ya chini ekseli ikiwa imeshuka mwisho, kisha ikiwa imegusa mpira. Shokapu iliyofungwa kabisa iwe fupi kuliko kipimo cha pili kwa mm 15 hadi 20. Kama siyo, shokapu ndiyo inakuwa kigotea na itang'oa kiti chake. Kipimo cha kufunguka kiendane na mpira wa breki na propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma), visivutike kabla yake.

Difu: 198 na tairi jipya inakuwa 211. Ni hayo tu kwa ekseli ya aina hiyo, isipokuwa uende kwenye magari kama Unimog ambayo gia za kwenye habu zinapandisha ekseli nzima juu ya kitovu cha gurudumu.

Fremu ya gia boksi ni hesabu nyingine, ya urefu wa gari. Kati ya ekseli na ekseli una mm 3085. Chukua nafasi ya katikati mara mbili, gawa kwa urefu huo, tafuta pembe, zidisha mara mbili: kwa mm 220 unapata nyuzi 16 hivi. Jimny yenye 2250 na nafasi ya 210 inapata 21, ingawa ipo chini zaidi. Ili uifikie ungehitaji karibu mm 290 chini ya tumbo. Hesabu hii inapuuza mviringo wa tairi, kwa hiyo vitabu vya watengenezaji vinaonyesha pembe kubwa zaidi. Itumie kulinganisha gari na gari tu. Kwako maana yake ni kwamba tuta kali ulivuke kwa mshazari, au uweke sahani ya chuma ya mm 4 chini ya gia boksi ukubali kuteleza juu yake.

mchanga_mwepesi:
Kabla hamjamaliza pesa ya mtu: kwenye zile reli za malori usitembee ndani yake. Panda juu. Tairi moja kwenye mgongo wa kati, jingine kwenye ukingo wa nje. Angalia bakuli la difu yako limeegemea upande gani, uliache lipite juu ya mfereji. Hiyo inakupa nafasi kuliko tairi lolote la dukani. Ukingo ukiwa umelowa usijaribu, utateleza uingie kwa ubavu.

Upepo kwenye vumbi laini, shusha hadi psi 18. Difu itashuka milimita chache, ndiyo, lakini gari haizami, na kuzama ndiko kunakolaza tumbo. Mawe yakianza rudisha 25 hivi, kabla ya lami jaza kamili.

Na lile tairi la hewani: kama gari yako ina swichi ya kufunga difu ya nyuma, ifunge kabla ya kuingia korongoni, ukiwa polepole na usukani umenyooka, si tairi likiwa tayari linazunguka. Kama haina, vuta breki ya mkono kidogo huku unakanyaga mafuta taratibu. Inalazimisha sehemu ya nguvu iende kwenye tairi lililo chini. Ni mbinu ya mita chache tu, breki zinachemka.

Ile stebilaiza ya mbele pia (fimbo inayozuia gari kuinama upande), ukifungua viungo vyake viwili kwa safari ya polepole, mbele inainama zaidi na nyuma inatulia. Vifunge kabla ya lami.

korongo_kavu:
Nimeelewa. Mpangilio wangu: tairi 265/70 kwanza, halafu springi na shokapu za nyuma, mbele mm 35. Kuna la kuangalia wakati wa kufunga?

Kifaru79:
Bolti za mikono ya mbele na za pingu na macho ya springi zisikazwe gari ikiwa kwenye jeki. Zishike kwa mkono tu, shusha gari, itikise, iwe imesimama kwa uzito wake kamili, ndipo ukaze. Zikikazwa zikiwa hewani, bushi inashikwa katika hali ya kushuka, gari ikitua inajisokota moja kwa moja na inachanika mapema. Mafundi wengi wanakaza kwenye jeki kwa sababu spana inafika kirahisi, kwa hiyo simama pale uone.

Alaimenti ifanyike mara mbili: siku ya kufunga, na tena koili zikishakaa, kilomita 1000 hivi. Mwambie anayepima akupe kasta iliyo sawa kulia na kushoto kabla ya kugusa toe (matairi kuelekea ndani au nje). Usukani usiporudi wenyewe baada ya kona, kasta imepungua sana, na hapo utahitaji mkono wa juu wa kurekebishika.

difu_na_ekseli:
Na tairi ukishafunga, geuza usukani mwisho pande zote mbili huku kona moja ya mbele imepandishwa juu ya jiwe. Ikisugua plastiki ya fenda, sogeza plastiki. Ikisugua chuma cha kiti cha bodi nyuma ya gurudumu, rudi dukani, usikubali kukatiwa chuma.