Nimewaambia wakwe mimi Muha, sasa nafanyaje?

MtotoWaTumbaku:
Wakuu habari za jioni. Naomba msinicheke, au chekeni kidogo kisha mnisaidie.

Mimi nimezaliwa Ulyankulu, Tabora, kule makazi ya wakimbizi. Babu alikimbia mauaji ya Burundi 1972, baba akiwa bado wa kubebwa mgongoni, kwa hiyo hata baba mwenyewe Burundi haikumbuki. Nimekulia kwenye tumbaku, shuleni Kiswahili, kanisani Kirundi, mtaani Kinyamwezi cha kuokoteza. Mama mpaka leo akihesabu kitu anahesabu kwa Kirundi ila akikasirika anafoka kwa Kiswahili, sijui kwa nini. Serikali ilipotoa uraia kwa watu wa 1972, wale kama 162,000, na sisi tulikuwemo, cheti tukakishika 2015, Urundi tumeukana kwa maandishi, Mtanzania halali kabisa.

Sasa nimepata mchumba, Mluguru. Barua ya posa imepokelewa vizuri, siku ya kwenda kujitambulisha mjomba wake akaniuliza "kijana, kabila gani?" na sijui shetani gani alinipitia nikasema Muha wa Kasulu. Kasulu kwenyewe nimepita na basi mara moja tu! Mzee akafurahi, Waha wachapakazi, yakaisha. Mchumba alikuwa jikoni hakusikia. Sasa mahari imekaribia na wanataka waje kwetu wawaone wazazi.

Halafu kinachoniuma ni kwamba hata ningesema Mrundi ningejiona naongopa vilevile, maana Burundi sijakanyaga hata siku moja. Nyie mliokulia hivi hivi, mkiulizwa kwenu wapi mnajibuje?

Mwisho_wa_Reli:
Hahaha aisee umetuibia kabila mchana kweupe. Sisi Waha wenyewe tunashushwa kwenye mabasi tukiambiwa Warundi, nimeshashushwa mara mbili na kitambulisho ninacho mfukoni, afu wewe unakuja kujificha kwetu? Umeruka majivu umekanyaga moto mkuu.

Mimi sina kinyongo lakini. Kiha na Kirundi tunasikilizana bila mkalimani, bibi yangu wa Manyovu, kule mpakani, alikuwa anavuka kwenda sokoni upande wa Burundi na kurudi na hakuna aliyemuuliza kabila. Ila nakuambia ukweli, siku mkwe akija na Muha mmoja tu akakuuliza wewe ukoo gani, mtoto wa nani, umekwisha. Kasulu tunajuana.

Buyenzi_Tu:
Amahoro kaka. Mimi ni wa Mishamo, makazi ya wakimbizi kama Ulyankulu, wazazi walichagua kurudi Burundi 2008. Nilikuwa darasa la sita nikashushwa chini sababu Kifaransa sikijui na Kirundi changu kilikuwa cha kanisani kama chako, naweza kuomba dua lakini siwezi kununua nyanya. Watoto wenzangu wakatuita Watanzania. Shamba la babu kule Rumonge tukakuta lina mwenyewe mwingine na michikichi yake imeshazaa. Na huku mtu akikuita "umuswahili" usidhani ni sifa, maana yake mjanja mjanja, mtu wa maneno mengi. Nilipumua nilipohamia Buyenzi hapa Bujumbura ambako Kiswahili ndio lugha ya mtaa.

Mimi nikiulizwa najibu kwetu Mishamo, basi. Asiyeijua namuelezea. Asikudanganye mtu kwamba kwenu ni kule alikotoka babu.

Fala_Mpole:
Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Wanao watakuwa Waluguru tu hata uwe Mchina, unahangaika nini?

Binti_wa_Seeb:
Mie niko Muscat. Bibi na babu walitoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, wakaja huku Sultan Qaboos alipowaita Waomani warudi, 1970. Huku tunaitwa Zinjibari na Kiarabu chetu kinachekwa. Mwaka juzi nimekwenda Unguja harusini, kitoto hata miaka saba hakijatimiza, pale Darajani, kikaniangalia kikasema "huyu Mmanga," yaani Mwarabu wa Oman. Nami nimeshika mfuko wa ndimu na mbatata namjibu mwenye duka kwa Kiunguja cha bibi yangu! Nilicheka, usiku nikalia.

Kaka wa Buyenzi jibu lako zuri kwa mtu wa barabarani, kwa wakwe halitoshi. Anayeuliza kwa umbea mjibu utakalo, anayekupa mwanawe ana haki ya kujua. Lakini kabla ya wazee mwambie bi harusi. Akija kulisikia kwa wifi au shoga, hapo ndio utajua hujui.

MtotoWaTumbaku:
Wakuu mrejesho. Nimemwambia jana, tumekaa nje tunakunywa soda, mimi jasho linanitoka. Akanisikiliza mpaka mwisho akasema alijua zamani, siku ile mama alipokuja Moro akasaidia kuosha vyombo, alikuwa anahesabu sahani "rimwe, kabiri, gatatu" kwa sauti. Yeye alikuwa anangoja niseme mwenyewe. Hilo la Muha ndo hakulijua, kalicheka mpaka soda ikampalia.

Mjomba bado. Mshenga anaenda Jumamosi kurekebisha, na anasema nauli ya safari hii ni mara mbili kwa sababu ya aibu.